Gurudumu la nyuma la pikipiki kuukuu: anzia kwenye ekseli, si kwenye ringi

Ukimiliki Yamaha DT175, Honda XL au pikipiki nyingine ya enzi hizo hapa Mombasa, tairi la nyuma la inchi 18 litakutesa. Ingia duka lolote la vipuri vya boda boda, liwe la Kongowea au la Changamwe, utakuta 3.00-17 (za inchi 17) zimepangwa hadi dari, maana ndizo zinazovaliwa nyuma na Boxer na nyingi katika pikipiki zinazobeba abiria mjini. La 18 huulizwa, huagizwa, husubiriwa, na likifika mara nyingi huwa la vigingi vya matope ilhali wewe safari zako zote ni lami ya Nyali na Mtwapa.

Juu ya hilo kuna chumvi. Ringi ya chuma iliyopakwa kromu huoza kuanzia ndani, pale chini ya utepe wa tyubu ambapo hakuna anayetazama, na nipeli za spoksi (vijinati vinavyozikaza kwenye ringi) hushikana na kutu hadi haziwezi kukazwa wala kulegezwa. Anayeishi karibu na bahari na kulaza pikipiki nje huona haya mapema kuliko mwenzake wa Voi. Basi wazo huja lenyewe: si nitoe gurudumu zima, nifunge la Boxer, yaishe?

Wazo lina akili ndani yake, na nimeona kazi za namna hiyo zilizofanywa vizuri mno. Lakini wengi huanza kwa kununua ringi iliyowapendeza macho, kisha wakampelekea fundi wamwambie aifunge. Fundi naye hataki kumpoteza mteja. Atakata, atachomelea, atatia washa, na jioni pikipiki itaondoka. Ubaya ni kwamba kati ya mambo yote yanayounganisha gurudumu la nyuma na pikipiki, ringi ndiyo rahisi kuliko yote. Magumu yako katikati: unene wa ekseli (chuma kinachopita katikati ya gurudumu), upana wa habu (kitovu cha gurudumu) kati ya vyuma viwili vya uma wa nyuma vinavyolishika gurudumu, mahali breki inapozuiliwa, na mstari wa cheni. Gurudumu huchaguliwa kutoka katikati kwenda nje.

Ndiyo maana, kabla ya yote, nieleze ninachoamini. Kwa wengi wenye pikipiki za spoksi, jibu bora ni kubaki na habu yao ya asili na kufunga ringi mpya ya inchi 17 kwa spoksi mpya. Ekseli inabaki ileile, ngoma ya breki ileile, sproketi (gurudumu la meno la cheni) ileile, na kila kitu kinakaa pale kilipokusudiwa na waliounda. Gurudumu zima la pikipiki nyingine lina maana tu pale habu yako yenyewe imekufa: ngoma imeliwa ndani kupita kiasi, au nyumba ya beringi imelegea hadi beringi inaingia kwa kidole.

Tuseme imekufa kweli, na lazima utafute gurudumu la pikipiki nyingine. Nenda dukani na kipimo cha vernia mfukoni.

Pima ekseli yako kwanza. Pikipiki ndogo hutumia milimita 12, nyingine 15, kubwa kidogo 17. Kisha soma nambari iliyochongwa ubavuni mwa beringi ya lile gurudumu unaloliwazia. Tarakimu mbili za mwisho hueleza tundu la katikati: 01 ni milimita 12, 02 ni 15, 03 ni 17, 04 ni 20. Mbili za mwanzo, yaani 60, 62 au 63, hueleza ukubwa na unene wa beringi yenyewe. Kwa hiyo 6202 ina tundu la 15, kipenyo cha nje cha 35 na unene wa 11.

Sasa tazama uzuri wa nambari hizi. Beringi ya 6003 ina tundu la 17, lakini nje ni 35 vilevile, ila ni nyembamba kwa milimita moja. Maana yake habu iliyokuwa na 6202 kwa ekseli ya 15 inaweza kupokea 6003 kwa ekseli ya 17 bila habu kukwaruzwa hata kidogo. Ndivyo ilivyo pia kati ya 6201 na 6002: zote nje ni 32, lakini moja ina tundu la 12 na nyingine la 15. Hii ndiyo njia safi ya kuoanisha habu na ekseli, na haigharimu zaidi ya beringi mbili pamoja na spesa za kukereza, yaani vipande vya kujaza nafasi kando ya beringi. Beringi hizo nyembamba hubeba mzigo mdogo kidogo kuliko zile za mwanzo, kwa hiyo chagua zenye jina la kuaminika na zenye kifuniko cha mpira pande zote mbili, zile zilizoandikwa 2RS, kwa sababu ya vumbi na maji ya mvua ya masika. Pikipiki ya kupakia magunia usiifanyie hivi. Itafutie habu ya ukubwa wake.

Ikiwa hali ni kinyume, yaani tundu la beringi ni kubwa na ekseli ni nyembamba, watu hutia bushi kujaza nafasi. Tofauti ya 12 na 15 huacha bushi yenye ukuta wa milimita moja na nusu, nayo hufaa ikikerezwa kwa chuma kizuri na ikaingia bila kucheza. Kipande cha bati kilichokunjwa si bushi. Na usikubali kamwe tundu la uma wa nyuma lipanuliwe kwa faili ili ekseli nene ipite. Pale ndipo chuma kinapobeba kishindo cha kila shimo la barabara.

Kuna kitu kimoja ndani ya habu ambacho ningependa kila mwenye pikipiki akione kwa macho yake angalau mara moja. Ukitoa beringi zote mbili utaona kibomba cha chuma kikianguka kutoka katikati. Hakina umbo la kutisha, hakina nambari, na kwenye karakana yenye haraka ndicho kitu cha kwanza kupotea chini ya benchi. Kazi yake ni kubwa. Unapokaza nati ya ekseli, nguvu hupita kwenye spesa ya nje, ikaingia kwenye pete ya ndani ya beringi ya kwanza, ikapita kwenye kibomba, ikaingia kwenye pete ya ndani ya beringi ya pili na kutokea upande wa pili. Yote hayo hubanwa pamoja kama kitu kimoja, na gololi hubaki huru kuzunguka. Kibomba kikikosekana, au kikiwa kifupi, pete za ndani husukumwa kuelekeana na gololi zikabanwa kando ya njia yake. Kikiwa kirefu kuliko nafasi yake, beringi ya pili haikai mwisho wa nyumba yake.

Jaribio lake halihitaji mashine. Inua gurudumu la nyuma, toa cheni, legeza breki, kaza ekseli kama inavyotakiwa, kisha lizungushe kwa mkono. Halafu legeza nati nusu mzunguko na ulizungushe tena. Likienda kwa wepesi zaidi baada ya kulegeza, kibomba ni kifupi. Ukibadilisha beringi kutoka tundu la 15 hadi 17, kibomba cha zamani hakitapita kwenye ekseli mpya, kwa hiyo lazima kikerezwe kipya chenye urefu uleule kabisa wa cha kwanza. Ile milimita moja iliyopungua kwenye kila beringi hurudishwa kwenye spesa za nje, si ndani. Fundi wa kukereza vyuma akuulize urefu. Akikuambia atakadiria kwa macho, mshukuru na utafute mwingine.

Jambo la pili ni breki, na hapa sina subira. Ukikanyaga breki ya ngoma, sahani inayobeba vipande vya breki hutaka kuzunguka pamoja na gurudumu. Kinachoizuia ama ni mfereji kwenye sahani unaoingia kwenye kinundu cha uma wa nyuma, ama ni mkono wa chuma uliofungwa kwa bolti kutoka kwenye sahani hadi kwenye uma. Sahani ya pikipiki moja mara nyingi haikubaliani na uma wa nyingine. Ndipo utakapoona ufundi wa kukatisha tamaa: kipande cha chuma cha dirisha kilichochomelewa, au waya uliosokotwa mara tatu.

"Fundi, hii breki umeizuia wapi?"

"Hapo kwa uma, ndugu yangu. Haitoki hiyo."

Usiondoke na jibu hilo. Inama uangalie. Mkono huo ukikatika wakati wa breki kali, sahani huzunguka, ikavuta fito ya breki yenyewe, breki ikazidi kukaza bila mguu wako, na gurudumu la nyuma likafungika palepale ukiwa na abiria mgongoni kwenye mteremko wa Daraja la Nyali. Mkono uwe wa chuma bapa kinene, bolti zake ziwe na nati yenye pini ya kuzuia isifunguke, na kinundu chake kwenye uma kichomelewe na mtu anayejua kuchomelea fremu. Kumbuka pia kwamba mkono ulio chini ya ekseli huvutwa breki inapokanyagwa, na ulio juu ya ekseli husukumwa. Chuma chembamba huvumilia kuvutwa lakini kikisukumwa hupinda. Basi ikiwezekana, uwekwe chini.

Cheni ni nyepesi kueleza. Pikipiki nyingi ndogo za zamani na za sasa hutumia cheni ya 428, ambayo umbali kati ya pini na pini ni milimita 12.7. Zile zenye 520 zina milimita 15.875, na sproketi za aina hizi mbili hazikubaliani hata zikifanana kwa macho. Ukishahakikisha ni aina moja, weka rula ndefu iliyonyooka ubavuni mwa sproketi ya nyuma uone inaangukia wapi kwenye ya mbele. Zikipishana kwa milimita mbili tatu, meno yataliwa upande mmoja na cheni itapiga kelele. Spesa ya nyuma ya sproketi, au kukereza uso wake wa kukalia, ndiyo dawa. Kulisukuma gurudumu zima pembeni ili cheni inyooke ni kuhamisha ugonjwa, maana sasa gurudumu la nyuma halifuati la mbele.

Sasa tuje kwenye ringi na tairi, ambako hesabu ndiyo itakayokuambia pikipiki yako itakuwaje ikishabadilishwa.

Tairi lililoandikwa 110/90-18 lina upana wa milimita 110, na ukuta wake ni asilimia 90 ya upana huo, yaani 99. Ringi ya inchi 18 ni milimita 457. Ukuta wa juu na wa chini ukijumlishwa, kipenyo chote ni milimita 655. Tairi la Boxer la 3.00-17 ukuta wake ni takriban inchi 3, yaani milimita 76, na ringi ni 432. Jumla ni 584. Kumbe aliyedhani anapunguza inchi moja tu amepunguza milimita 71, karibu asilimia 11, na nyuma ya pikipiki imeshuka kwa nusu yake, milimita 35.

Kushuka huko kunaleta mambo matatu. Kwanza, injini itazunguka zaidi kwa mwendo uleule: gia na mizunguko iliyokuwa ikikupa kilomita 80 kwa saa sasa itakupa kama 71. Kwa anayebeba mizigo mjini hilo laweza hata kuwa faida, kwa sababu pikipiki itavuta kwa wepesi. Kwa anayekwenda Malindi kila wiki ni kero na mafuta mengi. Sproketi ya mbele ya meno 15 badala ya 14 hurudisha karibu asilimia 7. Pili, pikipiki yenye urefu wa milimita 1,300 hivi kati ya ekseli na ekseli ikishuka nyuma kwa 35, pembe ya uma wa mbele hulala kwa nyuzi moja na nusu zaidi. Usukani utakuwa mzito kukata kona, ingawa utatulia ukienda moja kwa moja. Tatu, na hili hakuna anayelifikiria hadi pikipiki ianguke kwenye maegesho: stendi ya pembeni sasa ni ndefu mno. Pikipiki husimama wima kuliko ilivyozoea, na upepo wa bahari pale Mama Ngina ukiipiga ubavuni inalala upande wa pili. Stendi ikatwe.

Linganisha na 110/90-17. Kipenyo chake ni 630. Tofauti na la awali ni asilimia 4 tu, na nyuma hushuka kwa milimita 12 au 13. Usukani hautabadilika kiasi cha kukusumbua, na sproketi unaweza kuiacha ilivyo. Ndiyo sababu nasema ukihamia 17 usichukue tairi jembamba kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Chukua lenye ukuta mrefu. Ringi yake iwe na upana unaolifaa: 3.00-17 hukaa vizuri kwenye ringi ya inchi 1.85, lakini 110/90 inataka 2.15 au zaidi, na 2.50 ndiyo inayolipa umbo lake. Kabla ya kulipa, weka tairi kati ya vyuma vya uma uone kama halitaisugua cheni upande mmoja na mkono wa breki upande wa pili.

Soma na ile nambari ndogo baada ya ukubwa. 50P maana yake tairi hubeba hadi kilo 190 na huhimili mwendo wa kilomita 150 kwa saa. 60 ni kilo 250. Mwenye kubeba abiria wawili na gunia la mkaa, hesabu ni juu yake. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa miaka mingi kwenye stoo yenye joto la Mombasa huwa gumu hata kama vigingi vyake bado vipya.

Ukichagua njia ya kubaki na habu yako, kuna kipimo kimoja ambacho kikipotea hakirudi. Kabla spoksi moja haijafunguliwa, laza rula kwenye uso wa habu upande wa ngoma na upime hadi ukingo wa ringi. Andika. Ringi ya nyuma mara nyingi haikai katikati ya habu, kwa sababu upande mmoja kuna sproketi na upande wa pili kuna ngoma. Inakaa pale ambapo tairi la nyuma linafuata la mbele. Fundi akifunga ringi mpya katikati ya habu kwa kudhania, pikipiki itavuta upande maisha yake yote. Ringi ya upana tofauti itapimwa kwa mstari wake wa katikati, si kwa ukingo.

Hesabu matundu. Habu nyingi za pikipiki ndogo zina 36, na ringi lazima iwe nayo idadi hiyohiyo. Kutoka 18 hadi 17 kila spoksi hufupishwa kwa milimita 12 au 13, kwa hiyo za zamani hazifai. Zile zinazokatwa na kuchongwa nyuzi upya mtaani hukatikia palepale penye nyuzi. Nunua za urefu sahihi, na hapa Pwani ningelipia zaidi kwa zisizoshika kutu. Ringi ya alumini na spoksi za chuma zikikutana na chumvi hulana, basi kila nipeli itiwe grisi kabla ya kufungwa. Ikishakazwa na kunyooshwa, kuyumba kwake, kwa pembeni na kwa juu na chini, kusizidi milimita 2.

Kuhusu ringi za aloi na matairi yasiyo na tyubu: ringi ya aloi iliyoundwa kwa ajili hiyo ina kinundu ndani kinachoshika ukingo wa tairi lisitoke upepo ukiisha, na msumari ukiingia upepo hutoka polepole. Ni faida ya kweli. Ringi ya spoksi ya kawaida haina hayo, na matundu ya nipeli hayazibiki kwa gundi ya dukani kwa kuaminika. Tairi lisilohitaji tyubu unaweza kulivalisha ringi ya spoksi ukatia tyubu. Ringi ya spoksi bila tyubu, usijaribu. BMW walilitatua mwaka 1987 kwenye R100GS kwa kuzipitisha spoksi ukingoni kabisa mwa ringi, nje ya sehemu yenye upepo, lakini hiyo ni ringi ya namna yake.

Ziko pikipiki ambazo hazimo katika habari hii yote. Honda za mwishoni mwa miaka ya 1970 zenye gurudumu la Comstar, lile la mabapa ya chuma yaliyopigwa ribiti, hazifunguliwi wala hazifungwi ringi nyingine. Zikipasuka hutafutwa gurudumu zima la aina hiyo. Na pikipiki zinazoendeshwa kwa shafti badala ya cheni, habu zake zimeungana na meno ya shafti, kwa hiyo utabadilisha ringi tu.

Gurudumu likishafungwa, funga uzi mrefu kwenye tairi la nyuma, uvute hadi mbele pande zote mbili, uone kama tairi la mbele liko katikati ya nyuzi hizo. Alama zilizochongwa kwenye uma wa pikipiki ya miaka 40 hazitoshi. Piga mzunguko wa karibu, bila abiria, ukijaribu breki kwa mwendo mdogo. Rudi uguse habu kwa mkono: ikiwa imepata joto bila breki kutumika sana, beringi au breki inabanwa. Baada ya siku chache za kazi gonga kila spoksi kwa spana ndogo. Zilizokaza hulia kwa sauti kali, iliyolegea hutoa sauti butu, nayo huongezwa robo mzunguko, kisha ringi hukaguliwa tena kama bado haiyumbi.